Sato wanavimba tumbo baada ya kula funza: kabla hujanunua dawa

Mkuu uliyeko Muheza, swali lako nimelisoma. Umeacha dagaa na peleti (vidonge vya chakula cha samaki) ukahamia funza wabichi watupu wa BSF, yaani wale wa nzi mweusi (black soldier fly), sasa sato wanavimba matumbo, kinyesi kinaning'inia kirefu cheupe, na jirani kakwambia funza wamewatia bakteria tumboni kwahiyo ukanunue antibayotiki. Mimi niko huku Pongwe, nafuga sato na kambale wachache, funza nazalisha mwenyewe.

Hiyo dawa iache kwanza. Ukimwaga antibayotiki bwawani bila kujua unatibu nini unaua bakteria wazuri na wabaya kwa pamoja, wanaosalia ni wale sugu, na samaki huyohuyo ndo atapelekwa sokoni Mgandini watu wakale.

Kuhusu bakteria, jirani hajadanganya sana, funza kweli anabadilisha wanaoishi kwenye utumbo wa samaki ila kubadilika sio kuharibika. Ganda la funza lina kaitini, kitu kilekile cha kwenye maganda ya kamba na kaa, samaki hawezi kukimeng'enya chote kwahiyo kinachobaki kinashuka utumboni na kuna bakteria wanaokila wakaongezeka. Halafu mafuta yake yana asidi ya lauriki kwa wingi, hiyohiyo iliyojaa kwenye mafuta ya nazi tunayopikia kila siku hapa Tanga, na hiyo inabana baadhi ya bakteria wasizaliane. Kuna watafiti Italia waliwalisha trauti chakula chenye unga wa funza asilimia 10, 20 na 30, majibu yakatoka 2019: aina za bakteria ziliongezeka, wale wa asidi ya laktiki (ndugu zao wale wa mtindi) wakapanda na kundi la protiobakteria likapungua. Humo kwenye protiobakteria ndo yumo Aeromonas, yule wa vidonda vyekundu tunayemjua wafugaji wote. Sasa usikimbilie kusema basi funza ni dawa, trauti ni wa maji baridi na anakula nyama, sato wako anakula mwani na ana utumbo mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, namba zao huwezi kuzihamishia Muheza hivihivi.

Mimi shida yako naiona kwenye kiasi na kwenye ubichi. Funza akikaushwa mafuta yanaweza kufika hata theluthi ya uzito wake, inategemea alikula nini, sasa sato anayeshindia hayo tu kila siku unategemea nini? Pasua mmoja uangalie. Ukikuta ini limepauka na utumbo umezungukwa na mafuta, hapo ni chakula. Ukikuta majimaji tumboni na damudamu kwenye ngozi au kwenye mapezi hilo ni jambo lingine, tafuta afisa uvuvi wa wilaya aje achukue sampuli. Ukikuta minyoo pia utaiona.

Halafu usidanganywe na protini za kwenye karatasi. Maabara nyingi wanapima naitrojeni wanazidisha kwa 6.25, lakini kaitini nayo ina naitrojeni na sio protini, kwa funza kuna wataalamu wanaotumia 4.76, kwahiyo asilimia 40 uliyoambiwa inashuka kwenye 30 hivi. Ndo maana mtu anatoa dagaa wote anaweka funza halafu analalamika samaki hawakui.

Mimi nawavuna kabla hawajawa weusi maana wakishakuwa weusi ganda linakuwa gumu, nawasuuza, nawatumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika chache, naanika juu ya turubai mpaka wakauke wavunjike mkononi ndo nasaga. Kuchemsha usiruke aisee, funza hajachagua alichokula na vijidudu vya kwenye takataka anakuja navyo. Kwenye chakula cha sato unga huo unachukua nafasi ya robo ya dagaa, sio robo ya chakula chote, waliobaki wanakaa palepale pamoja na mashudu ya alizeti na pumba. Kambale nawaongezea kidogo, wao hawana makuu.

Na hao funza unawalisha nini? Hukusema. Mimi nawapa mabaki ya mama lishe, mapapai na maembe yaliyooza, pumba kidogo ya kunyonya maji. Maganda ya machungwa ambayo nyie huko mnayo mpaka ya kutupa hawayapendi, ukiwapa matupu wanadumaa. Samaki waliokufa bwawani usiwape kabisa, unazungusha ugonjwa uleule. Ulaya waliporuhusu protini ya wadudu kwenye chakula cha samaki mwaka 2017 walikataza wadudu hao kulishwa kinyesi au hata mabaki ya jikoni, sisi huku hayo mabaki ndo mtaji wenyewe kwahiyo moto lazima upite.

Kwa sasa wasimamishie chakula siku moja au mbili, toa sehemu ya maji uingize mapya, halafu anza na chakula cha kawaida kwanza, unga wa funza uurudishe taratibu maana hao bakteria nao wanahitaji muda kuzoea. Wakiendelea kuvimba kagua pumba yako, kwa unyevu wa huku kwetu gunia likikaa stoo miezi linaota ukungu, na sumukuvu inaua ini la samaki hata kama hujawahi kumpa funza hata mmoja.