Muulize Shangazi: Kiti cha kulia cha mtoto

Shangazi, mwanangu ametimiza miezi sita, ameanza uji. Dukani kuna kiti kirefu cha plastiki, na seremala wa mtaani anasema atanitengenezea cha mbao. Nichukue kipi?
Mama wa kwanza, Mwanza

Hongera, mwanangu. Kwanza mkalishe mkekani uone kama shingo imekaza na anakaa kwa kuegemezwa kidogo tu. Kama bado, subiri.

Mimi ningekwenda kwa seremala. Mwambie miguu ya kiti itanuke chini kuliko juu, na asisahau ubao wa kukanyagia. Huo ubao ni muhimu mno! Mtoto anayening'iniza miguu huchoka, akajipinda na kukataa chakula. Wangu wa pili alinitesa hivyo mwezi mzima, mpaka nilipomwekea kitu cha kukanyagia. Mkanda upite kiunoni na katikati ya mapaja, maana watoto huteleza chini. Mbao zipigwe msasa.

Usikiweke karibu na ukuta wala meza: akisukuma kwa miguu, kiti huanguka kinyumenyume. Na usimwache peke yake, hata ukienda kuepua sufuria tu.