Uliza Ujibiwe: Namnyoosha kila siku, mbona miguu inazidi kukaza?

SWALI: Mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, nikimsimamisha anasimama kwa vidole na mapaja yanapishana kama mkasi. Asubuhi na jioni namnyoosha, lakini analia na miguu inazidi kukaza. Nakosea wapi? – Mama K., Tanga

JIBU: Mama K., tuanze na mwendo wa mikono yako. Msuli unaokakamaa kwa sababu ya ubongo hushindana na haraka: ukiuvuta ghafla unajikaza, ukienda nao taratibu unakubali. Na mtoto anayelia hujikaza mwili mzima.

Mnyooshe akishatoka kuoga maji ya uvuguvugu. Mlaze chali, goti limenyooka. Shika kisigino kiganjani, wayo uegemee mkono wako. Vuta kisigino kwanza, ndipo uulete wayo upande wa goti huku ukihesabu polepole hadi 10. Msuli ukikataa, tulia hapo hapo sekunde 30 hadi 60. Rudia mara 3 kila mguu. Wengi husukuma vidole: wayo unapinda katikati, mzazi anafurahi, kumbe kisigino hakijasogea hata kidogo.

Mapaja usiyatanue kwa kuvuta vifundo vya miguu. Kunja nyonga na magoti, shika juu ya magoti, tanua pole pole. Mtoto asiyesimama huwa na mifupa dhaifu, hasa akitumia dawa za kifafa kama fenobabitoni kwa muda mrefu. Paja linaweza kuvunjika mikononi mwako.

Hata ukifanya vizuri, dakika 10 hazishindi saa nyingi za kukaa vibaya. Hapa ndipo kazi ilipo. Mbebe kwa mbeleko mgongoni, miguu imetanuka. Akikaa kitini, nyayo ziguse chini na kanga iliyokunjwa ikae katikati ya magoti. Fundi seremala akikutengenezea fremu ya kusimamia kwa vipimo vya mtaalamu wa fiziotherapia, anza na dakika 10, upande hadi 45 au 60 kwa siku. Splinti za miguu (vifaa vigumu vinavyoshikilia mguu ukae sawa) zikiacha alama nyekundu isiyofutika ndani ya dakika 30, zirudishwe zikarekebishwe.

Akikaza ghafla kuliko kawaida, tafuta maumivu: choo kigumu, jino, mkojo unaochoma, kiatu kinachobana. Kama anatumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, usiikatishe ghafla, hata ikiisha siku ya sikukuu.

Na omba eksirei ya nyonga hata kama halalamiki. Kwa mtoto asiyetembea, nyonga huteguka kimya kimya.

SWALI: Tumeshauriwa mtoto wetu, naye misuli imekaza, achomwe sindano ya botulini, dawa ya kulegeza msuli, kwenye mashavu ya miguu. Je, itamaliza tatizo? – Baba wa mapacha, Mombasa

JIBU: Hapana. Huanza kufanya kazi ndani ya siku chache hadi wiki 2, na nguvu yake hudumu takriban miezi 3 au 4. Huo ndio muda wa kumfanyisha mazoezi na kumvisha splinti. Ukipita bure, umelipia sindano tu. Tena, hailegezi msuli ambao tayari umefupika. Mjaribu akiwa amelala fofofo, goti limenyooka: kama kifundo bado hakikunjiki hata ukienda taratibu, muulize daktari kuhusu plasta ngumu (kama ile ya mguu uliovunjika) za kubadilishwa kila wiki moja au mbili.