Panya walitibiwa "na" steroidi au "kwa" steroidi?

Swali: Natafsiri muhtasari wa utafiti kuhusu sikio la kati la panya wa maabara. Niliandika: "Panya waliotibiwa na deksamethasoni walipona maambukizi." (Deksamethasoni ni dawa ya aina ya steroidi.) Mhariri akakata "na", akaweka "kwa". Mbona husemwa "aliumwa na nyoka"?

Jibu: Mhariri yuko sahihi. Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtenda, "kwa" hutaja kitu alichotumia. Nyoka huuma mwenyewe; deksamethasoni haijipeleki sikioni. Panya walitibiwa na watafiti kwa deksamethasoni.

Usidhani suala ni uhai tu. Husemwa "alichomwa na mwiba", kwa kuwa mwiba ulikuwa pale na hakuna aliyeushika. Sindano ina mkono nyuma yake. Tena kuna vitenzi visivyohitaji kiunganishi chochote: "walidungwa deksamethasoni", "walipewa prednisoloni" (steroidi nyingine). Kwa muhtasari wa kitaalamu ningechagua hivi, maana msomaji anaona papo hapo dawa iliingiaje mwilini.

Mhariri ameliacha kosa kubwa zaidi: "walipona maambukizi". Steroidi haziui bakteria. Hutuliza mwitikio wa kinga, majimaji yakapungua nyuma ya kiwambo cha sikio na utando uliovimba ukanywea. Isitoshe, katika baadhi ya majaribio panya hudungwa, kupitia kiwambo, bakteria waliokwisha kuuawa kwa joto. Sikio linavimba na kujaa majimaji ilhali hamna kijidudu hai hata kimoja. Maambukizi yako wapi hapo? Rudi kwenye makala ya asili uone walitumia nini. Kama bakteria walikuwa wafu, andika: "Kwa panya waliodungwa deksamethasoni, kuvimba kwa sikio la kati kulipungua." Kama walikuwa hai, tenganisha kazi za dawa: antibiotiki kwa maambukizi, steroidi kwa kuvimba.

Nasema "kuvimba", si "uvimbe", kwa makusudi. Ukiandika "uvimbe wa sikio", wengi watafikiria donge, hata saratani. "Mchochota", lenye maana ya kuvimba huku, limo kamusini na ni neno zuri, ila ukilitumia lifafanue mara ya kwanza.

Na kama makala inataja pia chinchila, wanyama wadogo wa jamii ya wagugunaji ambao hutumika sana katika tafiti za sikio, hao ni wanyama: chinchila walitibiwa, si zilitibiwa.