Tuige nini kutoka Copenhagen? Jibu kwa ndugu zangu wa Kibaha

Shemeji, wewe na wenzako mmeniuliza kama ni kweli kwamba huku Denmark mji hupangwa kwanza ndipo watu wakahamia, na kama nasi tunaweza kuiga kabla ardhi ya kutoka Kibaha hadi Soga, kwenye stesheni ya reli mpya ya kisasa (SGR), haijamalizwa na madalali. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, ila kinachofaa kuigwa sicho kile ambacho wageni hupiga picha.

Mwaka 1947 wataalamu wa Copenhagen walitoa Mpango wa Vidole. Mji wa zamani ulikuwa kiganja, ukuaji ukaelekezwa kwenye vidole vitano vinavyofuata reli, na ardhi iliyo kati ya kidole na kidole ikaachwa iwe mashamba na misitu. Mimi ninaishi Ishøj, kwenye kidole kinachoelekea Køge. Reli ya huku ilianza kufunguliwa mwaka 1972, ikatufikia mwaka 1976 na kukamilika hadi Køge mwaka 1983, katika miaka ileile ambayo maghorofa ya kupangisha yalikuwa yakijengwa. Ninakwenda stesheni kwa baiskeli na kuingia nayo kwenye behewa bila nauli ya ziada, lakini nikishika upande wa pili ninakutana na mashamba ya kijiji cha Tranegilde. Ardhi ile ingekatwa viwanja ingeleta utajiri wa ghafla. Haikatwi, kwa sababu sheria imezuia mji usivuke hapo, na hakuna barua ya mwenyekiti wa mtaa inayoweza kulitengua katazo hilo.

Kwetu michoro haikukosekana. Dar es Salaam iliandaliwa mipango kabambe mwaka 1949, 1968 na 1979, na hata bila kuifuata mji umejinyoosha kwa vidole vyake wenyewe kandokando ya barabara za Morogoro, Bagamoyo, Pugu na Kilwa. Tulichokosa ni mtu wa kukataa mapema. Bonde la Msimbazi, ambalo lilistahili kubaki wazi, lilijaa nyumba, na karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ikawekwa Jangwani, ambako mafuriko yameifuata mara kwa mara. Kule Kimara watu walijenga, wakaunganishiwa umeme, wakaishi miaka mingi, kisha mwaka 2017 wakaambiwa kwamba wako ndani ya hifadhi ya barabara, nyumba zikabomolewa.

Hata hivyo msidhani huku mambo yote ni shwari. Eneo la Ørestad lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 juu ya ardhi ya umma, kwa hesabu kwamba mauzo ya viwanja yangelipia metro, iliyofunguliwa mwaka 2002. Fikra hiyo naipenda kuliko zote, maana faida ya ardhi kupanda bei inarudi kulipia usafiri ulioipandisha. Lakini viwanja viliuzwa polepole kuliko ilivyotarajiwa na deni likarefuka. Kodi ya manispaa peke yake ni kama robo ya mapato, na foleni ya kupata nyumba yenye kodi nafuu huchukua miaka. Sisi wahamiaji tuna la ziada: sheria ya mwaka 2018 iliagiza baadhi ya mitaa yenye wakazi wengi wa asili ya nje ya nchi za Magharibi ipunguze nyumba za familia za kupangisha za gharama nafuu hadi asilimia 40 ifikapo 2030. Mpangaji anayehamishwa hupewa nyumba nyingine, tofauti na mwenye nyumba wa Kimara, lakini hapewi nafasi ya kukataa.

Kwa hiyo, shemeji, msiombe halmashauri iwachoree vidole. Ombeni ardhi inayozunguka stesheni za Soga na Ruvu ishikwe na umma sasa, wakati bado ni mashamba, njia za barabara, maji na mitaro ziwekewe mawe ya mipaka kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, na mabonde yatangazwe kuwa hayajengwi. Treni za abiria za SGR zimekwisha kuanza tangu mwaka 2024, kwa hiyo bei haitatusubiri. Na zile ekari mbili mnazotaka nichangie fedha, nitachangia siku mtakaponitumia mchoro uliogongwa muhuri na ofisa mipango miji, unaoonyesha barabara itapita wapi.