Sauli na Daudi: si mifugo tu

Shalom ndugu. Umeuliza kwa nini Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, alinyang'anywa ufalme kwa ajili ya kondoo na ng'ombe, ilhali Daudi, mfalme aliyekuja baada yake, alizini, akaua, na bado akabaki kwenye kiti cha enzi.

Isome 1 Samweli 15 polepole. Sauli anamwambia nabii Samweli kuwa ameitimiza amri ya Mungu ya kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao, huku kondoo wa Waamaleki wakilia nyuma yake! Akiulizwa, anawasukumia watu lawama. Hata alipokiri, aliomba aheshimiwe mbele ya wazee. Tena hilo lilikuwa kosa la pili. Sura ya 13 alishaonywa kule Gilgali, alipotoa sadaka mwenyewe bila kumngoja Samweli. Samweli alipogeuka aende zake, Sauli akashika upindo wa joho, ukararuka, na hapo hapo akaambiwa ufalme umeraruliwa kwake.

Daudi mbele ya nabii Nathani hakujitetea: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Lakini usidhani alipona bila kovu. Mtoto wa uzinzi ule alikufa, mwanawe Amnoni akauawa na nduguye Absalomu, kisha Absalomu akamwasi baba.

Kinachoniuma zaidi ni Yonathani, mwana wa Sauli. Hakushiriki hila za baba yake za kumwua Daudi, alimpenda Daudi kama nafsi yake, na bado alianguka vitani katika mlima Gilboa siku moja na Sauli.