Trela Inayojua Kunyamaza

Swali la juma hili, kama trela za filamu za taharuki zinaonyesha mengi kupita kiasi, ningelijibu kwa kusema ndiyo, lakini kosa haliko katika wingi wa picha. Liko katika kuzipanga picha hizo kwa mfuatano wa kisa, hivi kwamba mtazamaji anapewa hadithi pale alipostahili kupewa fumbo.

Kanuni za trela hizi zinajulikana hata kwa asiyewahi kuzitafakari. Mwanzoni huwa pana utulivu: familia iko mezani, au gari linapita peke yake barabarani. Kisha jambo dogo huenda kombo, labda simu isiyopokewa au mlango uliokutwa wazi, na tangu hapo vipande vya picha huzidi kuwa vifupi, giza likikatiza kati yake, mpaka kelele zote zinyamaze ghafla ili mhusika anong'one sentensi moja. Jina la filamu hufuata, na baada yake mshtuko wa mwisho kwa aliyedhani mambo yamekwisha. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na sauti: mlio wa saa, pumzi za mtu aliyejificha, mngurumo mzito wa ala za shaba. Ukiizima sauti, mara nyingi hubaki na watu wanaotembea tu katika vyumba vyenye mwanga hafifu. Ndiyo maana vinaniudhi vile vionjo vya sekunde chache vinavyobandikwa siku hizi kabla ya trela kwenye mtandao, kwani vinauvunja utulivu ambao mshtuko wote unautegemea.

Kwamba mtu anaweza kusema mengi bila kufichua lolote kulithibitishwa na mwongozaji Alfred Hitchcock mwaka 1960, katika trela ya filamu yake Psycho inayozidi dakika sita. Humo yeye mwenyewe anatutembeza katika hoteli na nyumba ya filamu hiyo kama mwenyeji anayewaongoza wageni, anatuonyesha ngazi ambapo mtu aliuawa, anakatiza sentensi zake kana kwamba ameona haya kuendelea, na anamzungumzia mama wa nyumba ile kwa namna inayotupeleka mbali kabisa na siri yenyewe, ambayo sitaitaja hapa kwa heshima ya wasioiona. Hatimaye anafika bafuni, analivuta pazia, na mwanamke anapiga ukelele. Mwanamke huyo si mwigizaji Janet Leigh, ambaye ndiye tunayemwona bafuni katika filamu, bali ni mwigizaji mwenzake Vera Miles aliyevalishwa wigi. Hivyo hata picha ya kutisha kuliko zote katika trela ile haimo katika filamu, na mtazamaji aliingia ukumbini akidhani anajua, kumbe hajui.

Mfano wa kinyume ni What Lies Beneath ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Robert Zemeckis. Filamu hiyo hutumia muda mrefu wa mwanzo kutufanya tuwashuku majirani, ilhali trela yake ilikwisha kutangaza kwamba mume wa mhusika mkuu aliwahi kutoka nje ya ndoa na kwamba kosa hilo ndilo linalomfuata nyumbani. Aliyeiona trela hana sababu ya kumshuku jirani. Anabaki kumsubiri mke agundue jambo ambalo yeye analijua tangu alipokata tiketi. Ukiichunguza trela hiyo, mwanzo wake na mwisho wake ni wa kawaida kabisa, na uharibifu wote uko katikati, mahali ambapo mhariri aliogopa kwamba pasipo maelezo hatutashawishika kulipa.

Hofu hiyo haikuwa na madhara yoyote kwa mfuko wa studio. Filamu ilikusanya zaidi ya dola milioni 290 duniani, na wenye studio, ambao husoma mapato kabla ya kusoma malalamiko yetu, hawana sababu kubwa ya kuifupisha sehemu hiyo ya katikati.