Barua kwa mwanangu: huku Amu (Lamu) mwaka hugeuka kwa upepo

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Sisi tuwazima, alhamdulillahi, na nduguzo wote wakusalimu.

Ujumbe wako nimeusoma. Wasema huko Leicester, Uingereza, majirani wako wamekuwa kama watu waliofunguliwa jela tangu jua lianze kukawia kuzama, waonyeshana maua ya manjano yaliyochomoza kando ya njia. Mwanao naye ameambiwa shuleni aandike dalili za majira ya machipuko, akataka kuandika za kwa bibi yake, wewe ukakosa la kumwambia. Basi waniuliza: sisi huku twajuaje kwamba mwaka umegeuka? Na la pili, uje lini na watoto?

Nianze na jua. Huko kwenu siku ya Desemba haitimizi saa nane za mwanga, na ya Juni yapita kumi na sita. Mti ukikaa pahali hivyo lazima uuangalie mwanga. Amu tuko nyuzi mbili na kitu kusini ya ikweta. Siku ndefu na siku fupi hazipitani hata nusu saa. Miti yetu ingengoja mwanga ingengoja milele. Jua latupa ishara moja tu: katikati ya Machi hupita juu ya utosi. Simama uani adhuhuri siku hizo, kivuli chako hukioni, kimejificha chini ya nyayo. Ni siku za joto la kukosesha usingizi, watu hupandisha magodoro juu ya dari za nyumba.

Kinachogeuza mwaka huku ni upepo. Kaskazi umevuma tangu Desemba, mkavu, bahari imelala, wavuvi wanatoka nje ya mwamba na wazamiaji wanaleta kamba. Zamani ndio uliokuwa ukileta majahazi ya Omani na Ghuba, na manahodha wakingoja kusi, upepo wa kusini, uwarudishe. Mwisho wa Machi ukaanza kulegea. Asubuhi watoka huku, jioni watoka kule, mchana hakuna hata wa kutikisa kanga kambani. Tanga mbili hiyo, majira ya kati ya kaskazi na kusi. Babako akiwa hai alikuwa hakai ndani wakati huo, kutwa yuko gatini atazama mawingu ya upande wa Shela, na ukimwuliza jambo hakujibu.

Mwambie mjukuu wangu aandike kuhusu mti wa mkungu. Kama ningeambiwa nichague dalili moja tu ningechagua huo. Wakati wa kaskazi majani yake mapana huwa mekundu, mengine rangi ya damu ya mzee hasa, kisha yaanguka, na anayefagia pale mbele atukana kila asubuhi. Mti wabaki matawi matupu yaliyolala kwa tabaka. Mgeni akiuona adhani umekufa. Lakini ukisogea utaona kwenye ncha za vitawi kuna vichomozo vya kijani kibichi vimesimama wima. Haupiti muda mrefu umejaa tena, na kivuli chake chatosha wachezaji bao wote. Wewe ulikuwa ukipasua kungu kwa jiwe upate kiini, ukajiponda kidole, wakumbuka. Mwembe nao watoa majani mapya ya rangi ya shaba, yananing'inia kama hayana nguvu, hata yakomae. Lakini mwembe hauna msimamo, tawi hili lachipua, lile lalala, kwa hivyo siuamini sana kama kalenda.

Uani kwangu mambo ni madogo. Mwasumini nimeupogoa kabla ya mvua, maana maua yake huja kwenye vitawi vipya. Ukiuacha na miti yake mizee utapata majani tu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mbegu za mrehani zilizoanguka zenyewe zaota kila ufa wa sakafu. Mchicha pia, haupandwi na mtu. Usiku ule kumbikumbi wajaa kwenye taa, asubuhi umefagia mbawa tupu, kuku washiba. Kisha jongoo, wale weusi wanene, wapanda ukuta kana kwamba wameitwa.

Ndege pia. Sululu, wale wa mdomo mrefu uliopinda, walikuwa wengi kwenye matope ya mikoko kaskazi yote. Mwezi wa nne wengi wao hawapo, wamekwenda kuzaa mbali kaskazini, upande wa Urusi. Wachache hubaki mwaka mzima. Mbayuwayu nao wameondoka. Mjukuu wangu asije akamwambia mwalimu kwamba mbayuwayu anayemwona hapo Leicester ametoka Amu kwa bibi. Wa Uingereza wengi wao hukaa Afrika Kusini na hurudi kwa kuvuka Sahara upande wa magharibi. Wetu wa huku huelekea zaidi mashariki, Urusi na Asia. Binamu zao labda. Lakini safari ni wakati mmoja, hilo aandike bila wasiwasi.

Na usiku kuna kilimia, lile kundi la nyota. Mwezi wa nne kikielekea mwisho utakiona jioni kiko chini upande wa magharibi, halafu kimepotea, hadi Juni kitoke alfajiri mashariki. Wazee wasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima wa upande wa bara, huko Hindi na Mokowe, bado wapo wanaokitazama, ingawa na simu za hali ya hewa wanazo.

Mvua za mwaka, yaani masika, zikishika, Mei ndio mwezi wake mkubwa. Watu hulalamika njia zimejaa matope na mavi ya punda, mimi silalamiki. Maji ya kunywa ya mji huu yatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mchanga ule haujazwi na kitu kingine ila mvua. Kusi nao umeshika sawasawa. Mashua ndogo zapandishwa pwani, mafundi waziba nyufa zake kwa kalafati na kuzipaka mafuta ya deheni, samaki wapanda bei.

Sasa la pili. Pasaka usije, wala Mei. Utalipa nauli yote hiyo ukae ndani na watoto wenye homa. Agosti kuna ubaridi mzuri na mvua zimepungua, lakini kusi bado kali, kwenda kisiwa cha Kiwayuu kwa mashua ni kutapika njia nzima, na miembe ndiyo kwanza ina maua. Desemba ndiyo yangu. Bahari imefunguka, maembe ya ngowe yameanza, na watoto watalalamikia joto siku mbili tatu kisha watasahau. Ubaya wake ni nauli, wageni ni wengi na ndege zajaa mapema. Nijulishe wiki utakayopata likizo, nimwambie fundi abadilishe makuti ya juu kabla hujafika, maana upande wenu wa kulala ndio unaovuja.

Mamako